Je, Jina Latosha? Buibui wa Nyumba za Brussels na Swali la Haki



Kila mwaka, kuanzia mwisho wa Agosti hadi Oktoba, nyumba nyingi za Brussels hupata mgeni ambaye hakualikwa. Usiku huonekana akikatiza sebuleni kwa mbio, na asubuhi hukutwa ndani ya beseni la kuogea, amekwama, kila akijaribu kupanda huteleza na kurudi chini. Ni mkubwa, rangi yake kahawia, miguu mirefu yenye vinyweleo. Watoto hupiga kelele, mama humwita baba, baba huvua kandambili. Sekunde mbili tu na shauri limekwisha: hukumu imetolewa na kutekelezwa kabla mshtakiwa hajaulizwa jina.

Makala haya yanahusu sekunde mbili hizo. Najua wapo watakaocheka. Watasema: tuna mambo ya kodi ya nyumba, karatasi za ukaazi, watoto wanaosahau lugha ya mama, na wewe unatuletea habari za buibui! Nawaomba subira. Namna tunavyomhukumu kiumbe tusiyemjua haikai bafuni peke yake. Hutoka nasi mlangoni, hupanda nasi tramu.

Basi tuanze kwa kumtambua. Wenyeji wasemao Kifaransa humwita tégénaire, na wataalamu humwita Eratigena atrica. Mwili wa jike hufika milimita 18 hivi, na miguu ikinyooshwa upana wake hufika sentimita 7, pengine zaidi. Yule tunayemwona akikimbia mara nyingi ni dume. Jike hukaa kwake: nyuma ya kabati, katika chumba cha chini ya ardhi, kwenye kona ya gereji. Hutandaza utando kama shuka, na shuka hiyo huishia kwenye tundu jembamba ambamo hujificha. Msimu wa kutafuta mke ukifika, dume huacha utando wake na kutembea usiku kucha. Hakutoka kwenye bomba la maji machafu, kama wengi wanavyodhani. Alidondoka tu katika matembezi yake, na miguu yake haiwezi kushika mahali palaini kama beseni. Kwa ufupi, huyo tunayempiga kandambili ni bwana harusi aliyepotea njia.

Wapo na wengine, na si vigumu kuwatofautisha ukiwapa dakika moja. Mwenye umbo kama hilo lakini mdogo zaidi, na miguu yenye pete hafifu za rangi, ni Tegenaria domestica. Yule anayening'inia kwenye kona ya dari, miguu myembamba kama unywele, na ukimgusa hutikisika kwa kasi hata usimwone vizuri, ni Pholcus phalangioides. Huyo ni mwindaji wa buibui wenzake, hata hawa wakubwa, kwa kuwatupia nyuzi kutoka mbali. Kwenye fremu ya dirisha utaona utando wa duara ambao umeachwa wazi kipande kimoja, kama mkate uliokatwa. Mwenyewe ni Zygiella x-notata. Bustanini yupo Araneus diadematus mwenye alama ya msalaba mgongoni. Na yule mweusi, mwenye tumbo la mviringo linalong'aa kama ushanga, ni wa jamii ya Steatoda. Huyu akibanwa aweza kuuma na ukasikia maumivu, lakini si muuaji. Ubelgiji ina aina takriban 700 za buibui, na wanaokaa nasi ndani ya nyumba ni wachache tu kati ya hao.

Hapa lugha yetu ina jambo la kutufunza. Neno buibui lina maana mbili: ni vazi jeusi la wanawake wa pwani, na ni kiumbe huyu. Jina ni moja, lakini ngeli zinatofautiana. Vazi ni buibui hili, limechanika, lishonwe. Kiumbe ni buibui huyu, amepotea, aachwe. Kiswahili kimemweka ngeli moja na mtu, mtoto na mgeni. Sisemi kwamba sarufi ni sheria ya maadili, kwani chawa na kupe nao wamo katika ngeli hiyohiyo na hakuna awahurumiaye. Lakini sarufi inatukumbusha kwamba juu ya kiti twauliza ni nini, na juu ya huyu twauliza ni nani. Swali la pili lina uzito wake, na asiyelingoja jibu lake hakuuliza.

Tuje sasa kwenye hoja. Je, kumjua jina kiumbe ni kumjua mwenyewe? Na jina hilo latosha kumhukumu?

Kwa buibui, jibu langu ni kwamba jina karibu latosha. Ukishajua kuwa aliye mbele yako ni Eratigena atrica, umejua chakula chake ni inzi, nondo na wadudu wengine. Umejua kwamba hatafuti damu yako wala kitanda chako, kwamba anapokukimbilia huwa hakuoni vizuri na anatafuta giza, kwamba kumuuma mtu ni jambo la nadra, na hata akiuma hakuna ugonjwa wa maana. Unaweza kuyasema haya juu ya huyu uliye naye bafuni ingawa hujawahi kumwona, kwa sababu buibui hakusoma shule. Utando anaotandaza ndio aliotandaza mama yake, na hakuna aliyemfundisha. Aliyemjua mmoja wa aina hiyo, akamjua sawasawa, amewajua wengi. Kwa hiyo jina la aina yake ni shahidi mwaminifu, na kumwita shahidi huyo ni kazi ya dakika moja.

Wenye elimu hii wanajua pia kwamba majina ni kazi ya binadamu, na hayana budi kusahihishwa. Majina ya kitaalamu ya wanyama huhesabiwa rasmi kuanzia mwaka 1758, alipochapisha Linnaeus wa Sweden. Lakini buibui walipewa ruhusa ya pekee, yao huanzia 1757, kwa sababu Msweden mwingine, Carl Clerck, alimtangulia kwa mwaka mmoja. Huyu mkubwa wa kwetu bafuni aliitwa Tegenaria atrica tangu 1843. Mwaka 2013 wataalamu wakaona hakaliki humo, wakamtengenezea jina jipya kwa kuzichanganya upya herufi zilezile: Tegenaria ikawa Eratigena. Wakati huohuo wakaunganisha aina tatu kuwa moja. Mwaka 2018 ukatoka utafiti uliosema hapana, ni tatu kweli, na kuzitenganisha kwa hakika kunahitaji hadubini. Buibui mwenyewe hakuambiwa, akaendelea kutandaza shuka lake. Somo ninaloliona hapa ni unyenyekevu: wale wanaomjua zaidi ndio waliokubali mara mbili kuandika upya walichokwisha kuandika.

Sasa nimsikilize mwenye kandambili, maana naye ana hoja. Atasema: mimi nimekulia Tabora, au Bukavu, au Malindi. Nyumbani kwetu ndani ya nyumba anaweza kuingia nge, tandu, hata nyoka. Aliyengoja kuuliza jina alipelekwa hospitali. Wazee walitufundisha kupiga kwanza, na ndiyo sababu tuko hai.

Hoja hii si ya kudharau. Haraka inaweza kuwa haki pale ambapo kungoja kunaweza kugharimu uhai wa mtoto. Mzazi anayepiga nge gizani hana kosa hata kama asubuhi akagundua ni panzi. Lakini tazama hoja hiyo inasimama juu ya nini: inasimama juu ya hatari ya mahali fulani. Ni elimu ya mahali, na elimu ya mahali haisafiri kwa ndege pamoja na masanduku. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui hila yake. Katika nyumba za Brussels hakuna buibui wa kuhatarisha maisha ya mtu mwenye afya. Aliyebaki na hukumu ile baada ya sababu yake kubaki nyuma, amebaki na desturi ya mkono tu.

Na hata huko nyumbani elimu ya wazee haikuwa "ua wote". Wengi pwani walikatazwa utotoni kumuua buibui, kwa heshima ya simulizi ya pangoni ambamo buibui alitanda mlangoni na kuwaficha Mtume na sahibu yake. Na kama mtu hataki simulizi, auchukue ushahidi wa kitaalamu. Kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Kenya na Uganda, ukutani mwa nyumba hukaa buibui mdogo mrukaji, mwili wake milimita 5 hivi, aitwaye Evarcha culicivora. Mwaka 2005 Robert Jackson na wenzake walichapisha utafiti kwamba buibui huyu hapendi mbu yeyote tu. Humchagua mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Utafiti uliofuata ulionyesha kuwa watoto wa buibui huyu humtambua mbu wa malaria, Anopheles, kwa mkao wake, maana mbu huyo akitua huinua tumbo juu. Fikiri, ndugu msomaji: kiumbe wa milimita chache hutazama kwanza nani ametua, kisha ndipo huruka. Na sisi wenye macho makubwa zaidi tunampiga yeye pamoja na mbu, kwa kuwa wote ni "wadudu". Neno hilo mdudu ni mfuko mkubwa. Tunatia humo kila tusichotaka kukitazama.

Mpaka hapa nimemtetea buibui. Lakini jambo lililonifanya nishike kalamu liko upande wa pili.

Ukipanda tramu namba 44 kutoka Montgomery, unapita kando ya msitu mpaka Tervuren, kwenye Jumba la Makumbusho ya Afrika. Wengi wetu tunalijua kwa vinyago, kwa masanamu, na kwa mabishano yaliyolizunguka hadi lilipofunguliwa upya Desemba 2018. Si wengi wanaojua kwamba nyumba hiyo ni miongoni mwa mahali mashuhuri pa elimu ya buibui wa Afrika. Mwaka 2006 ilichapisha kitabu cha Rudy Jocqué na Ansie Dippenaar-Schoeman kinachofundisha kuzitambua familia za buibui wa dunia nzima. Vitabu vya namna hiyo hufanya kazi kwa mfuatano wa maswali. Ana macho mangapi, 8 au 6? Yamepangwaje? Miguu ina kucha mbili au tatu? Kila jibu linakupeleka kwenye swali jingine, na hutakiwi kuruka hata moja. Hakuna mahali panapouliza kama anatisha.

Jumba hilohilo lina asili nyingine. Lilitokana na maonyesho ya mwaka 1897, siku za Mfalme Leopold II. Katika maonyesho hayo waliletwa Wakongo 267, wakakalishwa katika vijiji vya maigizo ndani ya bustani ili umma uje kuwatazama. Saba kati yao walifariki, wakazikwa Tervuren, na makaburi yao yapo hadi leo. Watu hao nao "walitambuliwa": Mkongo, wa kabila fulani, wa mto fulani. Waliokuja kutazama walirudi nyumbani wakiamini wamekwisha kuijua Kongo.

Hapo ndipo ninapoona tofauti ambayo hatuna budi kuishika kwa mikono miwili. Jina la aina ni shahidi mwaminifu kwa buibui kwa sababu buibui mmoja huishi kama mwenzake. Kwa binadamu shahidi huyohuyo ni mwongo. Ukiambiwa mtu ni Mkongo, au Mburundi, au Mzanzibari, umeambiwa mahali pa kuanzia mazungumzo, hukuambiwa lolote la kumhukumia. Hujui kama ni mkarimu au bahili, mwaminifu au laghai, anacheka nini, anamwogopa nani. Binadamu hufunzwa, hukataa mafunzo, hubadilika, hujuta. Wawili waliozaliwa tumbo moja wanaweza kutofautiana kuliko buibui wawili wa pande mbili za dunia.

Majirani wa maziwa makuu wameyalipia haya kwa damu. Katika miaka ya 1930 utawala wa Ubelgiji katika Ruanda-Urundi uliwapa watu vitambulisho vilivyoandikwa neno moja: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Neno lililokuwa na historia ndefu na mipaka isiyokuwa migumu likafungwa kwenye karatasi kama lebo kwenye chupa ya mdudu. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabara za Rwanda, neno hilo moja kwenye karatasi lilitosha kumwua mtu. Hakuulizwa swali la pili. Kitabu cha buibui kingetaka maswali kumi kabla ya kutoa jibu. Mtu aliulizwa moja.

Ona basi jinsi tunavyokwenda kinyumenyume. Buibui, ambaye jina lake lingetosha kumwachilia huru, hatumuulizi jina. Mtu, ambaye jina la aina yake halitoshi kwa lolote, tukishalipata tunatosheka. Tunayekataa kumtambua ndiye utambuzi ungemwokoa. Na tunayeharakisha kumtambua ndiye utambuzi huo humpoteza.

Sizungumzi juu ya Wazungu peke yao. Kweli, wapo wenye nyumba wanaosikia jina la mpangaji kwenye simu na chumba kikapata mtu ghafla. Lakini sikiliza pia maongezi yetu wenyewe kwenye saluni za Matonge, misibani na harusini. "Huyo Mmoroko, mwangalie." "Wakongo ndivyo walivyo." "Watanzania wapole mno, utawaweza." "Waflemi hawana utu." Kila sentensi ya namna hiyo ni kandambili. Haiui mara moja, lakini inamaliza shauri kabla ya swali la kwanza. Na watoto wetu, waliozaliwa Schaerbeek na Molenbeek, wanakaa darasa moja na hao tunaowataja. Wanatusikia nyumbani, kisha wanajifunza kutuficha marafiki zao.

Msomaji makini ataniuliza: kama jina halitoshi kwa mtu, je, tusiwe na majina? Tusiseme Mkongo wala Mkenya? La hasha. Jina la kwetu ni mlango wa nyumba. Bila mlango hakuna kuingia. Tulio mbali tunajua furaha ya kusikia Kiswahili kwenye tramu na kugeuka kuuliza, "Wa wapi ndugu yangu?" Hakuna ubaya katika swali hilo. Ubaya huja pale tunapodhani kwamba jibu lake ndilo mwisho wa maswali. Kwa buibui, swali la ni nani linaweza kufunga kitabu. Kwa mtu, swali hilo ndilo linalokifungua.

Mwingine ataniambia kwamba kumhurumia buibui ni anasa ya walioshiba. Huenda. Lakini sikuomba huruma. Niliomba dakika moja. Huruma inategemea moyo wa mtu siku hiyo, na moyo hauamrishwi. Kungoja kabla ya kuhukumu ni zoezi la mkono, na mkono hufundishika. Mtoto anayemwona mzazi wake akisimama, akichuchumaa, akihesabu pete za miguu na kusema, "Huyu hana neno, ni dume anatafuta mke," amefundishwa kwamba hofu si ushahidi. Siku atakapokutana na mwenzake wa rangi nyingine, dini nyingine au lafudhi nyingine, atakuwa amezoea kutazama kabla ya kuruka. Kisha ni juu yetu kumwongezea sehemu ya pili ya somo: kwamba kwa buibui unaweza kusimama kwenye jina, na kwa mwanadamu usisimame hapo kamwe.

Kwa yule atakayemkuta mgeni huyu mwezi Septemba, njia ni rahisi. Chukua bilauri, mfunike taratibu. Pitisha karatasi ngumu chini yake. Mpeleke chumba cha chini ya ardhi au gereji, umwache aendelee na safari yake ya harusi. Au, kama huwezi kabisa kumkaribia, ning'iniza taulo ndani ya beseni, ncha yake iguse chini. Atashika nyuzi, atapanda mwenyewe, na asubuhi hutamkuta.

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Kwenye giza la namna hii taa iko mkononi mwetu, nayo ni swali. Tulichonyimwa na wengi waliotuhukumu kwa jina la bara letu hakikuwa mapenzi, wala hatukuyadai. Kilikuwa ni swali la pili tu. Anayejua uchungu wa kutoulizwa ana sababu kubwa kuliko wote ya kuuliza.